Mkwe wa Ng'ambo ya Ukuta

Kabla Wamalwa hajamwoa binti wa jirani, yeye na Mama Tryphosa walikuwa wakila ugali kwenye sahani moja. Alikuwa kijana mpole kutoka Bungoma, mgeni Eldoret, aliyeandikwa kazi kwenye klabu ya wazungu na kupewa chumba kilichopakana na cha Kituyi, mpishi. Tryphosa, mke wa mpishi, alimwonea huruma alipoona maharage anayopika: yalichemka tangu asubuhi na jioni bado yamegoma kuiva. Akamlisha. Akamfulia hata shati la kazi. Kisha Nanzala, binti yake, akamaliza shule akarudi nyumbani, kijana akaanza kuoga asubuhi na jioni, na kabla watu hawajaamua kama wacheke au wanune, ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika na ndoa imefungwa kanisani. Siku hiyo Tryphosa alipata mkwe, akapoteza jirani.

Ndiyo, alimpoteza. Kwa kawaida ya watu wao, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hukata kona ghafla na mwingine hujifunika leso. Walikuwepo vijana pale mjini waliosema mambo hayo yaachiwe wazee wa kijijini, kwamba sasa ni Uhuru na watu ni wa kisasa. Tryphosa hakuwa na ugomvi na kisasa chao, ila hakikumhusu. Alimheshimu mkwe wake jinsi alivyofundishwa na mama yake, mkwe naye akamheshimu vivyo hivyo, na watu wawili waliopendana kama mama na mwana wakakaa miaka bila kuonana macho, na huku wanaishi chini ya paa moja.

Kilichobaki kati yao kilikuwa ukuta. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa jengo moja refu la mabati, vyumba vimekatwa kwa mbao nyembamba na fundi ambaye, Mungu amrehemu, hakujali siri za watu. Salamu za ukutani hazikukatazwa na mtu. Kila asubuhi sauti ya Wamalwa ilipenya mbaoni, ikimwita mama kwa lugha ya kwao: "Mayi, umeamkaje?" Naye hujibu, "Nimeamka, baba. Ninyi je?" Kituyi alipofariki, na Tryphosa akaachiwa chumba kwa sababu ya kazi yake ya kufua vitambaa vya meza vya klabu, ukuta ule ndio uliomzuia asirukwe na akili. Aliujua upande wa pili kwa masikio: kikohozi cha mkwe, kicheko cha Nanzala, na siku hizi kilio cha mjukuu mchanga ambaye hakuwa na simile hata kidogo.

Alijua pia kwamba ukuta hautakaa hivyo milele. Wazungu walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka, na Wamalwa alikuwa ameingia kwenye kikundi cha watu wa kwao kilichokuwa kikinunua shamba moja upande wa Sugoi. Mshahara wa klabu ndio uliokuwa ukiilipia hisa yake mwezi kwa mwezi. Siku watakapogawiwa, Nanzala na mumewe watahamia kwao, na mama mkwe haishi kwenye boma la mkwe wake. Hilo halikuhitaji kusemwa, wala hakuna aliyelisema. Tryphosa alifurahi kwa ajili yao mchana kutwa, na alipolala upande wa ukutani alihuzunika kwa ajili yake mwenyewe. Aliona hakuna ubaya kufanya yote mawili.

Basi ikaja siku ya lori. Wanakikundi walikwenda kuliona shamba, wakati wa kurudi lori likakwama topeni, wanaume wakashuka kusukuma, na bodi ya nyuma ikaanguka juu ya mkono wa kulia wa Wamalwa. Alirudi na plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Vidole vingepona, daktari alisema, ila si leo wala kesho.

Kazi ya Wamalwa ilikuwa kutunza chumba cha biliadi. Alipanga mipira, alitangaza alama, alipiga pasi kitambaa cha kijani cha meza, na zaidi ya yote alitengeneza fimbo. Nchani mwa fimbo ya biliadi hukaa kidude cha ngozi, kipana kama kitufe cha shati, kimebandikwa kwa gundi juu ya pete ya shaba. Hicho ndicho kinachougusa mpira. Kikilika au kikibanduka lazima kibadilishwe, la sivyo fimbo hiyo ni ya kuchungia mbuzi tu. Wazungu walipoondoka walichukua fimbo zao nzuri, wakaacha nne kwenye rafu, zote ncha zimekwisha. Na Jumamosi iliyokuwa ikija, wageni kutoka Kitale walikuwa wanakuja kucheza, wawili dhidi ya wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanachama wapya, Waafrika watupu, kualika klabu nyingine.

Johnstone, katibu mpya wa klabu, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa Wamalwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na tai yake ilimkaba.

"Wamalwa, pole ya mkono," alisema. Tryphosa alisikia kila neno. "Lakini mimi niko na kamati juu yangu. Hizo fimbo zikiwa tayari Jumamosi, hakuna mtu ataguza kazi yako, hata ukae na plasta mpaka Krismasi. Zikikosa kuwa tayari, nitaambiwa nitafute mtu mwingine, na huyo mtu atataka hii chumba. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bwana sekretari."

"Kuna mtu mwingine hapa anajua hii kazi?"

"Hakuna."

"Basi tafuta mkono," Johnstone alisema, akaenda zake.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Nanzala. Nanzala alikuwa na sifa nyingi, subira haikuwamo. Tangu utotoni alikuwa akimenya viazi mpaka kiazi kinakwisha. Aliwekewa fimbo magotini, akapewa wembe, akaambiwa akwangue gundi kuukuu taratibu juu ya shaba. Tryphosa alisikia kwaru, kwaru, kisha "Ai!", kisha mtoto akalia, kisha kitu kirefu kikaanguka sakafuni. Wamalwa alisema kwa upole kwamba si neno. Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wawili wanaotazama plasta.

Tryphosa aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona. Alikuwa na mikono iliyozoea kutoa doa la divai bila kutoboa nguo. Na kama asingeifanya kazi hiyo yeye, nani angeifanya? Alijua vizuri anachofanya. Mkwe akifukuzwa, watarudi Bungoma mikono mitupu na hisa itakufa njiani. Akibaki, watakwenda Sugoi wakiwa na udongo wao. Kwa vyovyote yeye angebaki na ukuta usioitikia. Lakini kuondoka kwa mtu anayefukuzwa si sawa na kuondoka kwa mtu anayehamia kwake, na kama ni lazima alie, afadhali alie kwa hili la pili.

"Nanzala!" aliita. "Leta hizo fimbo huku. Na wembe. Wewe kaa na mtoto."

Kisha sauti ya Wamalwa ikaja, ya mtu aliyeshikwa na haya. "Mayi, hii si kazi ya kukupa wewe."

"Hujanipa. Nimeichukua. Sema, naanza wapi?"

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza, mwalimu upande ule, mwanafunzi upande huu, na Nanzala akipita nje kwa mlango mmoja kuingia mwingine na vifaa mkononi na mtoto mgongoni. Wamalwa alielekeza, Tryphosa akafanya. Kwangua gundi ya zamani mpaka shaba ing'ae. Piga msasa juu yake, lakini iwe bapa. Ikilala upande, ncha nayo italala upande. Sugua tumbo la ngozi mpya lipate ukwaruzo, ili gundi ipate pa kushika. Paka gundi kidogo sana. Weka ngozi katikati, uifunge kwa uzi kuanzia juu mpaka chini kwenye fimbo, iache ishike mpaka kesho. Kisha ndipo uchonge kingo, ncha iwe na mgongo wa mviringo, usizidi mviringo wa ukingo wa shilingi.

Tryphosa alifuata kila neno, na akaongeza moja la kwake. Kopo la vidude vya ngozi lilipoletwa, alikigusa kidude kimoja akasikitika. Kilikuwa kikavu! Baba yake alikuwa fundi wa ngoma huko Kimilili, na jambo la kwanza ambalo watoto wake walijifunza ni kwamba ngozi kavu hupasuka, na ngozi inayotarajiwa kupigwa lazima ilainishwe. Wazungu wangejulia wapi. Akachota samli kidogo kwenye chupa yake, akazisugua ngozi zote za kopo lile, moja baada ya nyingine, kwa mapenzi, mpaka zikang'aa. Hakumwambia mtu. Aliona ni zawadi.

Kesho yake alifungua uzi wa fimbo ya kwanza na ngozi ikamwangukia mapajani.

"Imebanduka," alisema.

"Labda gundi imezeeka, Mayi," Wamalwa alijibu. "Gundi ya siku hizi si kama ya zamani."

Akabandika tena. Jioni ikabanduka tena.

"Labda ni hii baridi," sauti ilisema. "Eldoret iko na baridi mbaya."

Baridi! Tryphosa alikuwa ameishi mji huu tangu enzi za wazee walioendelea kuuita Sisibo, na hakuwahi kusikia baridi ikibandua kitu. Alimkabidhi Nanzala ile ngozi ampelekee mumewe. Ikasikika sauti kama ya mtu anayenusa. Ukafuata mnong'ono, kisha Nanzala akapasuka kwa kicheko ambacho alikiziba haraka kwa nguo.

"Kama kuna neno, lisemwe!" Tryphosa alifoka.

"Mama," Nanzala alisema, sauti ikitetemeka kwa kicheko, "baba mtoto anasema labda... anasema pengine hii ngozi haipendi samli."

Tryphosa aliketi na chupa yake ya samli miguuni, na uso ukamwaka moto. Haya ilimpata kwanza. Nyuma ya haya ikaja hasira, na hasira haikuwa ya samli. Siku nzima ilikuwa imepotea na mkwe wake alikuwa akisingizia gundi na baridi, kwa sababu mwanamume hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba amekosea. Angeweza kukaa pale akisingizia upepo, mwezi na serikali mpaka Jumamosi imfikie na atupwe nje na mkewe na mtoto. Adabu ile ile aliyomsifia mbele ya wanawake wa kanisani ndiyo ingewamaliza.

Aliinuka akasogea mpaka ubaoni, karibu kabisa.

"Baba, nisikilize. Mimi sijui hii kazi. Nikikosea, niambie."

"Siwezi, Mayi."

"Kwa nini?"

"Mdomo unakataa. Kweli kabisa, nikitaka kusema unakataa."

Alimwelewa. Hata yeye, kama angekuwa ni mama mkwe wake mwenyewe anayeichezea ngozi, mdomo wake ungekataa. Akasimama anafikiri, kidole kikigonga mbao bila yeye kujua. Alipogundua kidole kinafanya nini, alitabasamu.

"Basi usiseme," alisema. "Gonga. Kazi ikiwa nzuri, gonga ukuta mara moja. Ikiwa mbaya, gonga mara mbili. Hapo si wewe umenikosoa, ni ukuta. Mimi na ukuta hatuna ukwe."

Ng'ambo pakagongwa mara moja.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Tryphosa alizizika zile ngozi kwenye majivu makavu zinyonywe mafuta, akazisugua kwa chaki, akazizika tena. Zile zilizolewa samli kabisa alizitupa, na zilizobaki zilitosha fimbo nne bila ya ziada. Wamalwa alimfundisha kupima kwa sikio, kwa kuwa macho yake hayakuruhusiwa huko. Ncha iliyokaa vizuri, ukiigonga kwenye jiwe, hutoa sauti fupi iliyokamilika. Iliyokaa vibaya hutoa sauti inayojivuta. Tryphosa aliligonga jiwe la kusagia, Wamalwa akasikiliza, ukuta ukatoa hukumu. Mara mbili. Alirudi kwenye msasa. Mara mbili tena. Ukuta ule haukuwa na huruma, na Tryphosa aliupenda kwa hilo. Ulipogonga mara moja kwa fimbo ya kwanza, alijikuta akicheka peke yake chumbani, kitu ambacho hakukifanya tangu Kituyi alipokwenda.

Usiku mambo yalilala, mchana yakaendelea, na kila walipongoja gundi ishike walizungumza. Hawakuwahi kuzungumza hivyo tangu harusi. Wamalwa alimweleza habari za Sugoi: kijito kinavyopita chini ya shamba, udongo ulivyo mwekundu, nyumba ya mzungu ambayo wanakikundi wanataka iwe shule. Tryphosa aliuliza kama kuna kuni karibu. Kuna kuni. Aliuliza kama Nanzala ataweza kuchota maji bila kupanda kilima. Ataweza. Hakuuliza jingine.

Ijumaa mchana ilibaki fimbo ya nne. Macho yalimwasha na mgongo ulikuwa unamlilia. Alichonga, akapiga msasa, akakohoa, akachonga tena, kisha akaigonga kwenye jiwe.

Sauti ilijivuta. Kidogo sana, lakini ilijivuta, na sikio lake sasa lilikuwa limekomaa. Alingoja kugongwa mara mbili. Akangoja. Alisikia mkwe wake akivuta pumzi.

Ukuta uligongwa mara moja.

"Basi zimekwisha, Mayi," Wamalwa alisema. "Umefanya kazi ya ajabu. Pumzika sasa."

Nanzala alikuwa tayari mlangoni. Alizikusanya fimbo zote nne akazipeleka klabuni kabla mama yake hajapata la kusema. Tryphosa aliketi akiwa na uchungu na furaha kwa pamoja. Mkwe wake, mtoto yule, alikuwa amemsikia akikohoa. Alikuwa amemwonea huruma, mjinga yule, akaifanya huruma yake kwenye ncha ya fimbo, mahali pasipo na nafasi ya huruma. Na huwezi kumwendea mkwe kumwambia amekudanganya.

Alitoka nje. Kwenye uwanja wa kufulia, kamba yake ya nguo ilitegemezwa kwa fimbo kuukuu ya biliadi, ambayo mzungu fulani aliitupa miaka mingi iliyopita ncha ilipotoka, naye Kituyi akaiokota. Aliifunga kamba mahali pengine akaiingiza fimbo ndani, akaiviringisha sakafuni kuona kama imepinda. Haikuwa imepinda sana. Shida ilikuwa ngozi. Ndipo alipofungua sanduku akatoa mkanda wa Kituyi. Kituyi alikuwa mpishi mwembamba, jambo ambalo watu walimcheka maisha yake yote, na mkia wa mkanda wake ulizidi kiunoni kwa kipande kirefu ambacho hakikuwahi kufanya kazi yoyote.

"Samahani, baba Nanzala," alisema, akaukata.

Hakuuliza ukuta. Alijua hatua zote. Alikwangua shaba, akasugua tumbo la ngozi, akapaka gundi, akafunga uzi. Asubuhi alichonga, akapiga msasa, akasugua kingo kwa kitambaa chenye mate mpaka zikakaza. Wamalwa alikuwa ameshakwenda klabuni. Tryphosa aliligonga jiwe mara moja, kwa ajili yake mwenyewe, akasikiliza. Kisha akairudisha fimbo chini ya kamba, ncha juu, iwe akiba, akaanika vitambaa vya meza.

Wageni wa Kitale walifika wakiwa na suti. Dirisha la chumba cha biliadi lilitazama uwanja wa kufulia, na Tryphosa alipata mambo mengi sana ya kufua siku hiyo. Alisikia salamu, vicheko, soda zikifunguliwa, kisha mchezo. Ilimshangaza jinsi alivyozitambua fimbo zake, kila moja na sauti yake. Hii ya kwanza, hii ya tatu. Wamalwa alikuwa akitangaza alama kwa sauti ya kujiamini. Mchezaji mmoja wa Eldoret alikuwa Gathogo, mwenye duka la vyakula, mtu wa nguvu nyingi na maneno mengi, naye ndiye aliyeishika fimbo ya nne. Kila alipopiga, Tryphosa alikunja uso.

Ikafika mahali Gathogo akaamua kuonyesha wageni kazi. Kilisikika kishindo kikavu cha shaba juu ya mpira, kitu kidogo kikagonga kioo cha dirisha, na Kitale nzima ikaangua kicheko.

"Klabu gani hii!" mgeni mmoja alisema. "Wanatupiga risasi!"

"Wamalwa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Johnstone, nyembamba, ya mtu aliyekabwa. "Fimbo ingine iko wapi?"

"Hakuna ingine, bwana sekretari."

"Nilikuambia nini mimi? Nilikuambia nini?"

Tryphosa hakungoja jibu. Aliing'oa fimbo chini ya kamba, na vitambaa vyote vyeupe vikashuka matopeni nyuma yake. Alikimbia, mama wa makamo yake, leso ikimfunguka, akapanda ngazi za veranda ambazo kwa miaka yote hakuwahi kuzipanda. Alikuwa na nia ya kumkabidhi Johnstone. Lakini mlango ulifunguliwa na aliyetoka alikuwa Wamalwa.

Kwa nukta moja walionana. Alimwona amezeeka kidogo, ameota ndevu, na macho yake yana maji. Kisha Tryphosa akavuta leso mpaka kidevuni na kugeuka, na Wamalwa akageuka upande wake, na wote wawili wakasimama mgongo kwa mgongo kwenye veranda ya klabu, hakuna anayeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ndani, wageni walianza kusogea mlangoni kuona kuna nini. Tryphosa aliisikia sauti ya Johnstone, na safari hii haikuwa nyembamba. Johnstone naye alikuwa na mama mkwe, huko Malava.

"Subirini kidogo," alisema, akaziba mlango kwa mwili wake. "Hapo nje kuna watu."

Tryphosa alinyoosha mkono nyuma, akiwa ameshika fimbo kwenye kitako. Ncha ikapita hewani ikitafuta. Halafu akahisi uzito ukiingia upande wa pili: Wamalwa alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto. Hakuivuta. Kwa muda ambao haukuwa mrefu walishikilia fimbo moja, kila mtu mwisho wake, na mkono wa Tryphosa ulimhisi mkwe wake kama ambavyo angemhisi wakipeana mikono. Hakuwa amemgusa tangu siku alipokuwa akimkabidhi shati alilomfulia.

Kisha plasta ikaigonga fimbo, mara moja. Tryphosa alisikia pigo hilo kiganjani.

Aliachia. Alishuka ngazi bila kutazama nyuma, akapiga magoti kwenye tope kuokota vitambaa. Dirishani mchezo ulirudi. Gathogo alipiga kwa mkanda wa Kituyi na sauti ikatoka fupi, imekamilika. Hata leo sijui nani alishinda, kwa maana Tryphosa hakusikiliza alama. Alikuwa akilia na kufua.

Johnstone alimpitia wageni walipoondoka. Alisimama mbali kidogo, akiilegeza tai yake.

"Mama, hizo zote utafua tena?"

"Nitafua."

"Mkwe wako anaendelea na kazi. Ungemwambia... ah, utamwambia aje?"

"Tunaongea," Tryphosa alisema.

Jioni aliketi upande wa ukutani na chai yake. Ng'ambo, Nanzala alikuwa akimbembeleza mtoto. Kiti kiliburutwa kikakaribia mbao.

"Mayi."

"Naam, baba."

"Jana nilikudanganya. Ile ya nne."

"Nilisikia."

"Nilijua umesikia. Nisamehe."

"Yamekwisha. Lakini usirudie. Huruma yako itakuua wewe na watoto wako." Akanywa chai, akalazimisha sauti iwe nyepesi. "Sasa ushughulike na hisa yako. Nanzala apate shamba lake. Hicho kijito ulichokisema nimekipenda."

"Ndiyo nilitaka kukuambia." Wamalwa alikohoa. "Siku ile ya lori, kabla sijaumia, nilipima mahali pa nyumba. Sikujua nitasema aje. Mama mkwe hakai kwa boma ya mkwe, hiyo najua. Wazee watasema, na watakuwa na haki."

"Watakuwa na haki," Tryphosa alisema, akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo nitajenga nyumba ndefu, kama hii. Milango miwili. Wetu utazame barabara, wako utazame mto, na uzio ukate uwanja, usiingie kwangu na mimi nisiingie kwako. Nimeuliza mzee mmoja wa kikundi. Amefikiri sana, halafu amesema kama hapa Eldoret mumeishi hivyo na hakuna aibu, hata huko hakuna. Watu wote wanajenga na matofali sasa. Lakini ukuta wa katikati nitaweka mbao, Mayi. Mbao nyembamba."

Tryphosa alifungua kinywa ajibu. Safari hii ni mdomo wake uliokataa. Alijaribu tena, ukakataa tena, na ng'ambo mkwe wake alikuwa akingoja, hata mtoto alikuwa amenyamaza.

Akainua mkono, akaugonga ukuta mara moja.